Gari la Kutokea Eda

Babangu alipofariki, gari lake lilikuwa limepandishwa juu ya matofali uani kwetu Junda, injini imefunguliwa nusu. Ni gari la Kifaransa la zamani, refu kwa nyuma, la aina ambayo siku hizi ukiiona barabarani unageuka kuitazama. Alianza kulifufua alipostaafu, na kwa mwendo wake mwenyewe, yaani leo anafungua nati mbili, kesho anazitazama. Mimi nilikuwa mshika tochi wake tangu utotoni, na majina ya vitu vya ndani ya boneti niliyajua kabla ya kujua kupika wali ukaiva.

Asubuhi ya msiba wanaume wa mtaa walikuja kusafisha ua ili majamvi yatandikwe. Kwetu jambo hilo haliombwi. Watu husikia tu kwamba fulani hatunaye, na kabla maiti haijaoshwa ua umeshafagiliwa, viti vimeshaletwa na sufuria kubwa imeshatoka msikitini. Gari walilifunika turubai kwa heshima zote. Meza ya kazi, mikebe, matambara na mabati ya biskuti yaliyojaa vyuma wakayapakia mkokoteni wakaenda kuyamwaga jalalani. Ndani ya bati mojawapo ilikuwamo distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Bila hicho injini ni sufuria tu.

Niligundua baada ya siku za kilio kwisha. Nikaenda jalalani na viatu vya mvua, nikakuta pameshachomwa na wanaookota vyuma wameshapita. Sikumwambia mtu neno. Utamwambia nini mtu aliyekuchimbia kaburi la babako? Nirudishie bati langu?

Siku hizo zote sikulia. Niligawa vikombe vya chai, nikapokea mikono ya pole, nikahesabu sahani za majirani nisije nikarudisha ya huyu kwa yule. Wanawake walinitazama wakanong'onezana kwamba nimeshikwa na jambo moyoni, kwamba nikiachwa nitalia mwenyewe. Walikosea. Moyoni hapakuwa na kitu. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila yangu ilinienea mwili mzima na haikuwa na ule mchomo wa kuonyesha kwamba inaondoka.

Kakangu, aliyeko Uarabuni kikazi, alilia kwa niaba yetu sote. Kila jioni alinitumia sauti kwenye simu, kwikwi kwanza, maneno baadaye. Nami nilizisikiliza huku nikikunja nguo.

Mamangu alikaa eda, miezi minne na siku kumi kama ada inavyotaka mjane: nguo nyeupe, chumba chake, hatoki nje ya nyumba, na wanaume wasio mahramu wake, yaani wanaoweza kumwoa, hawamwoni. Ni mtu ambaye katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akitaka kitu. Ukimletea atashukuru, usipomletea hatouliza. Siku moja nilikuwa jikoni nikamsikia akiniita.

"We mwanangu."

"Abee, mama."

Nikaingia. Alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi, akitazama pazia la dirisha lililoelekea uani.

"Siku nikitoka eda, nataka kutoka na gari lake. Nende Likoni kwa dada yangu."

"Mama, gari lile halina hata..."

"Najua halina. Nataka kutoka nalo."

Akarudi kwenye tasbihi yake. Basi nikawa nimepewa kazi, na niliipokea kwa furaha ya ajabu kidogo. Kwa kweli haikuwa furaha. Ilikuwa ni nafuu ya mtu asiyejua afanye nini na mikono yake, halafu akapewa vyombo vya kuosha. Kakangu aliposikia alisema kwa sauti ya mtu mwenye akili peke yake katika ukoo, "Uza chuma hicho. Mama nitamlipia teksi."

Nilimpata fundi mmoja kijana wa makamo, mtu wa bara aliyehamia Kisauni na mkewe, mrefu hata akiinama. Nilimweleza habari ya eda. Alifikiri kidogo kisha akatunga utaratibu wake: kila akifika langoni anakohoa. Alikohoa kwa bidii hiyo hiyo hata mama alipokuwa amelala, hata mlango ulipokuwa umefungwa, mpaka jirani mmoja akamletea tangawizi na asali. Mama alimwonea huruma, na kila Jumamosi na Jumapili sahani ya chakula ilipita mkononi mwangu kutoka nyuma ya pazia kwenda chini ya gari. Fundi alikula akapaza sauti kuelekea dirishani, "Asante mathe! Mungu akubariki!" Na pazia halikujibu.

Tulifanya mengi. Breki tulizifungua zote, mipira yake ikawa imeoza, tukapata mingine ya gari jingine na fundi akaichonga taratibu kwa msasa mpaka ikakubali. Radieta ilizibwa matundu. Mpira wa kioo cha mbele tulikata wa lori. Mimi nililala chini ya gari na kanga kuukuu kichwani, mafuta yakinidondokea, na wala sikukereka. Sikufurahi pia. Nilikaza nati, na ikishakazwa nikatafuta nyingine.

Tatizo lilikuwa distribyuta. Mchana mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, huko Changamwe. Kontena za vipuri hupita mbele yangu kwenye karatasi siku nzima, za kila gari ulilopata kulisikia, na kifaa kimoja cha ukubwa wa ngumi sikukipata. Niliuliza Port Reitz kwa wauza spea, wakaniuliza kama ni gari au ni kumbukumbu. Fundi naye alizunguka kwa wenzake.

"Madam, hii kitu haiko," aliniambia. "Nimesaka kote. Wasee wananicheka. Labda upate gari kama hii imekufa mahali, tuchomoe."

Gari kama hilo lilikuwapo. Lilikuwa Kiembeni, kwa mzee mmoja aliyefahamiana na babangu kwa sababu ya hayo magari yao mawili tu. Walipokutana barabarani walipigiana honi na kusimama, wakaziba njia na kutukanwa. La mzee lilikuwa limesimama miaka mingi chini ya kibanda cha mabati, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

Nikaenda Jumamosi moja jioni, fundi akiwa ameshaondoka. Nilibisha hodi, nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha barazani. Nilipojitambulisha kuwa binti wa nani, mzee aliinua mikono akamsomea marehemu Fatiha, sauti ikimtetemeka, kisha akaagiza kahawa na kaimati. Sasa niambie, mtu amemaliza kumwombea babako rehema, machozi bado yako ndevuni, nawe useme, "Ahsante, naomba distribyuta"? Nilikula kaimati, nikashukuru, nikaenda zangu.

Mara ya pili nilikwenda nimejipanga. Nikakuta mzee ana homa, na kumjulia mgonjwa hali ni ibada, haichanganywi na haja. Mara ya tatu alikuwa mzima, mchangamfu, akanipeleka mwenyewe mpaka kibandani nikalione gari. Alifungua boneti. Niliiona distribyuta pale pale, na kofia yake haina hata ufa. Alipapasa bawa la gari, lile bati la juu ya gurudumu, akasema, "Hili tumetoka nalo mbali." Nikaona huyu mtu analipenda gari lake, na kumwambia nilichune papo hapo ni kukosa adabu. Nikasema moyoni, safari ijayo nitaanza kwa mbali, nitaingia polepole.

Safari iliyofuata, kibanda kilikuwa kitupu. Kuku walikuwa wakizungukazunguka pale penye mafuta yaliyoganda, wakipekua.

"Limetoka jana," mzee alisema, akinimiminia kahawa. "Wajukuu wasema lafuga panya. Nikawaita wale wa vyuma vikuukuu, wakalikata vipande wakapakia, moja kwa moja tanurini. Nalikuwa sina haja nalo tena, mwanangu."

Nikageukia kibanda kitupu. Naye akanitazama.

"Wewe ulikuwa na haja, wallahi. Tangu siku ya kwanza naliona. Mtu haji Kiembeni kunywa kahawa ya mzee kila Jumamosi."

"Nilitaka distribyuta yake. Kwa gari la baba."

"Basi mbona hukunena?" Aliweka birika chini. "Ningekupa. Ningekupa gari zima, bure!"

"Niliona haya. Na wewe mzee, mbona hukuniuliza?"

"Mgeni haulizwi shida yake. Yuangojwa aiseme."

Tukatazamana, watu wawili wenye adabu. Nilitaka kuipiga teke sinia ya kahawa ikatue kwenye kibanda kitupu. Lakini hata hasira yenyewe ilifika mahali ikachoka. Nikanywa kahawa yangu, kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa.

Nyumbani nilimweleza mama yote, pamoja na kuku. Nilitarajia asikitike. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Ulifanya vyema kutoomba siku ya kwanza. Ningeona aibu." Nilitoka nikaenda kukaa uani nyuma ya gari, nikamkasirikia yeye, mzee na malezi yote ya pwani, kwa dakika chache. Halafu ganzi ikarudi.

Ilibaki wiki chache eda kwisha. Fundi alijaribu distribyuta ya gari jingine, akaikata, akaichomea, akaifunga kwa waya. Injini ilikohoa mara moja kama yeye mwenyewe langoni, ikanyamaza moja kwa moja. Tulirudisha magurudumu, tukatoa matofali. Niliosha rangi yake kwa sabuni na maji, kioo nikakipangusa kwa gazeti. Lilipendeza kuliko nilivyowahi kuliona. Halikuwaka.

Siku yenyewe ilipofika, shangazi na wanawake wa mtaa walikuja mapema kumwogesha mama. Walimvua nguo za eda, wakamvisha dera jipya na buibui, wakamfukiza udi. Mimi nilikuwa nje nikizungumza na mtu wa teksi kwenye simu, nikimwelekeza asimame kule juu penye lami kwa kuwa kichochoro chetu hakina pa kugeuzia gari. Nilikuwa nimepanga namna ya kumwambia. Alipotokea mlangoni, akiuminya uso kwa mwanga wa jua, nilisahau mpango.

"Mama, halikuwaka. Nimejaribu kila kitu. Nimekuitia teksi."

Fundi alikuwa amesimama karibu na boneti, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Kwa mara ya kwanza alimwona mtu aliyekuwa akimlisha.

"Pole mathe," alisema. "Nimeshindwa."

Mama alilizunguka gari lote. Aligusa kioo cha pembeni, akautazama mpira wa lori kwenye kioo cha mbele, sijui kama alijua ni wa lori. Kisha akafungua mlango wa kushoto, upande wake, akaingia, akalipanga buibui magotini.

"Nilisema nataka kutoka nalo," akasema. "Sikusema liwake. Teksi si iko barabarani? Nipelekeni mpaka barabarani."

Hapo hapo ua ukachangamka. Wanaume wa mtaa, wale wale wa majamvi na mkokoteni, wakaacha walichokuwa wakifanya wakaja nyuma ya gari bila kuitwa. Fundi akataka kuingia kushika usukani, mama akatikisa kichwa. Hakuwa ametoka eda ili akae bega kwa bega na mwanamume wa watu. "Wewe," akaniambia.

Nikaingia upande wa kulia. Naendesha pikapu ya ofisi, leseni ninayo, lakini kwenye kiti kile sikuwahi kukaa. Katika kazi yetu yote mimi nilikuwa chini ya gari, na aliyekaa akikanyaga breki alikuwa fundi. Sasa wanaume walisukuma, gari likatoka langoni, likashika kichochoro kinachoteremka kidogo kabla ya kupanda kwenye lami, na mwendo ukaanza kukolea wenyewe. Kulikuwa na watoto na mbuzi mbele. Niliunyoosha mguu kutafuta breki na mguu haukufika. Nikajivuta mbele mpaka ukingoni mwa kiti, haukufika. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, pale babangu alipokiacha, kipimo cha miguu yake mirefu.

Nilijua chuma cha kukivutia kiko wapi. Nilikuwa nimekitia grisi mimi mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa juu yake na hausogei.

Mama alikuwa ameshusha kioo, anaamkiana na watu wa mlangoni huku na huku, wanamjibu, wanamkaribisha tena duniani. Bila kugeuka, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kivute mbele, mwanangu. Hatokikalia tena."

Nikakivuta. Kiliteleza kwa urahisi, kikaja mbele, kikajifunga. Mguu ukafika kwenye breki, gari likapunguza mwendo, watoto wakapisha. Nilikuwa nikilia kwa sauti, mdomo wazi, na sikuweza hata kuinua mkono kujifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.