Kaburi Moja la Ladislas na Gloriose

Ladislas na Gloriose walioana ili ugomvi uishe, na kweli uliisha. Uliisha kule mlimani, ukahamia chumbani.

Kwao ni milima iliyo juu ya Rumonge, Burundi, ambako shamba limesimama kama ukuta na mkulima hulima akiwa ameliegemea. Familia ya Gloriose ilikuwa na shamba la juu, familia ya Ladislas la chini, na katikati palikuwa na ukanda wa maharage usiozidi upana wa barabara. Kila masika mvua iliuteremsha udongo wa juu ukalala chini. Wa chini walisema udongo ukishafika kwa mtu ni wake. Wa juu walisema udongo unajua ulikotoka. Nayo miti ya mpaka, ile ya majani marefu kama panga ambayo hata mtoto wa huko anajua kwamba haing'olewi, ilikuwa na tabia ya kuhama usiku. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Majirani wa mlima ule walikuwa wamelima kwa utulivu vizazi vitatu, wakilingoja kapu.

Wazee wakaona dawa ni ndoa. Kijana wa chini akamwoa binti wa juu, na ukanda wakapewa maarusi. Hakuna aliyesema ni upande gani ulioutoa, kwa kuwa siku ile kila mtu alitaka kurudi nyumbani na meno yake.

Kisha vita vikaja, vikawatoa wote bila kuuliza nani wa juu na nani wa chini. Binti yao wa pekee, Inès, alivuka mpaka mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini Tanzania na kumalizia kukua Durban, Afrika Kusini, huku akiusikia ukanda ule kila siku ya Mungu. Wateja wake wa saluni aliwaambia kwamba yeye alijua kusema "maharage yetu" kabla ya kusema "mama". Wateja walicheka. Inès hakuwa amefanya mzaha.

Durban walipanga ghorofa ya tisa, South Beach, chumba kimoja na roshani. Ladislas alivaa kizibao cha njano akalinda magari ya watu ufukweni. Gloriose alipanda lengalenga, mchicha wa kwao, na maharage kwenye ndoo za rangi pale roshani, akauza mboga kwa Wakongo wa mtaa wa Point. Mume naye akaleta ndoo zake. Roshani ikawa mlima.

Mwaka 2009 Ladislas alikuwa akilinda magari mbele ya hoteli moja ya ufukweni, akaona kupitia kioo miti ya mpaka, ile ile ya kwao, imepangwa mstari ndani ya vyungu kutoka mlangoni mpaka kwenye lifti. Akasikitika. Hoteli kubwa namna ile, nayo ina kesi. Alimwendea bawabu, kijana wa Kizulu, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kuegeshea magari wanapakana na nani, na shauri limefika wapi. Bawabu alimwambia ni mapambo tu, baba. Ladislas hakuamini. Hakuna mwenye akili anayepamba nyumba kwa mpaka. Aliomba kitawi, akaja nacho, akakichomeka kwenye debe katikati ya roshani.

"Umeupanda kwangu," alisema Gloriose.

"Nimeupanda katikati."

"Katikati ya wapi? Pima."

Walipima kwa mwiko wa ugali. Kila mmoja alipima kuanzia kwake, na kila mmoja alipata jibu lililomfurahisha. Tangu siku hiyo debe lile nalo likawa na tabia ya kuhama usiku.

Watu hawakuwapenda, na ni vigumu kuwalaumu. Mwaka 2008, wageni walipopigwa mitaani na Warundi na Wakongo wakalala kwenye ukumbi wa kanisa, Gloriose alilaza sanduku la nguo kati yake na mumewe, akawataka majirani washuhudie lilipowekwa. Nje wenyeji walikuwa wanafukuza wageni, ndani wageni wawili walikuwa wanafukuzana. Mchungaji Honoré aliwaombea hadharani, kwa majina. Ladislas alimwambia aombee vitu anavyovijua.

Kulikuwa na mchana mmoja tu, katika maisha yake yote, ambao Inès aliwasikia wakikubaliana. Ilikuwa 2011. Alikuwa ndani akipiga pasi, mlango wa roshani uko wazi, simu ya baba yake iko kwenye spika. Aliyepiga alikuwa Urbain, mtu aliyesoma na Ladislas, mmoja wa wachache waliorudi mlimani.

"Yote imeondoka, Ladi," Urbain alisema. "Mvua ilinyesha, mlima ukateleza. Ukanda, miti ya mpaka, vyote vimeenda bondeni. Hata mahali pa kusimama mutu aonyeshe kidole, haiko."

Simu ilikatika. Gloriose alikuwa akimenya maharage. Aliendelea kumenya.

"Mvua hiyo ilitoka upande wenu," alisema mwishowe.

"Mvua inatoka juu. Juu ni kwenu."

Gloriose alimenya maganda mawili mengine.

"Juvénal asijue," alisema Ladislas. Juvénal ni mdogo wake, mwenye duka la simu mjini, mtu anayegombana hata na kioo.

"Nani atamwambia? Iko mutu anampigia Juvénal?"

"Na kanisani wasijue. Watatuhurumia."

"Eish! Basi waendelee kutuchukia."

Jumapili iliyofuata waligombania ukanda mlangoni mwa kanisa, kwa sauti kuliko siku zote. Inès alisimama kando na Biblia zao. Aliwatazama watu wawili wakipigania korongo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba wameoana.

Ladislas alikufa 2013, kiharusi, amevaa kizibao chake. Makaburi ya manispaa yalikuwa yamejaa, kwa hiyo shimo lilichimbwa refu ili siku moja lipokee wa pili juu yake. Wazulu hawakuona ajabu, nao walikuwa wakizikana hivyo hivyo. Kaburi liliandikwa kwa jina la Juvénal, kwa kuwa ndiye mwanamume wa ukoo na hakuacha mtu asahau.

Gloriose alipoanza kuugua, alimuuliza binti yake atazikwa wapi.

"Kwa papa. Kaburi ni moja."

"Juu au chini?"

"Juu, mama."

Mama yake alifikiri sana. Inès hakuwahi kumwona akitabasamu hivyo, na hakulipenda tabasamu lenyewe.

"Basi," alisema Gloriose. "Usikubali wanipeleke kwingine."

Hilo ndilo jambo pekee alilowahi kumwomba mwanawe bila kumtukana kwanza.

Alifariki Aprili 2015, wiki ile ile maduka ya wageni yalipokuwa yakivunjwa tena. Duka la Juvénal lilikuwa limefungwa na yeye alikuwa ameshachoka na nchi ya watu, anataka kurudi kulima. Kwenda mlimani na maiti hakukuwezekana, Burundi nako kulikuwa kunawaka. Lilibaki kaburi, na kaburi halifunguliwi bila saini ya Juvénal.

Inès alimkuta tonton wake, yaani baba yake mdogo, nyuma ya mlango wa chuma wa duka lake, amekaa juu ya katoni za chaja.

"Non," alisema Juvénal kabla hajasalimiwa. "Bibi ya kaka yangu hatalala juu ya kaka yangu. Kule walikuwa juu yetu. Na hapa juu? Wanatuona sisi ni godoro?"

"Tonton, mama yuko kwa friji ya hospitali. Wanasema nikichelewa watamzika wenyewe, mahali wanapojua wao."

"Wamzike."

"Unataka nini?"

Juvénal alijikuna kidevu. Alikuwa ameshafikiria, ila alitaka ionekane amelazimishwa.

"Kesho kwa kilio, wewe ndiye unasema maisha ya marehemu. Utasema mbele ya watu kwamba ukanda ni ya kwetu. Yote. Utasema mama yako alikuwa mwongo. Neno la kilio halirudi, unajua. Halafu nitasaini."

"Na nisiposema?"

"Manispaa iko na shimo nyingi."

Inès alirudi kwa miguu mpaka South Beach, akipita robot baada ya robot, taa za barabarani za huko, bila kungoja hata moja. Pale roshani debe la mpaka lilikuwa limeganda mahali mama yake alipolisukuma mara ya mwisho, karibu kabisa na ndoo za marehemu baba yake. Kwa muda wa miaka miwili hakukuwa na mtu wa kulirudisha.

Kilio kilifanywa mchana, watu wapate kurudi kwao kabla ya giza. Hata hivyo chumba kilijaa. Wengine walikuja kumlilia Gloriose na wengine kuhakikisha. Mchungaji Honoré aliomba kwa ufupi usio wa kawaida yake. Juvénal alikaa mbele, kalamu mfukoni, simu mkononi ikirekodi.

Inès alisimama.

"Mama na baba yangu walitoka kwenye familia za wakulima," alianza, "na hawakupendana."

Mchungaji alikohoa.

"Walioana kwa sababu ya ukanda wa maharage. Baba alilinda magari ya watu miaka yote ile akiuwaza. Mama aliuza mboga akiuwaza. Mimi nilisuka nywele nikiusikia. Hamkuwapenda, na wao hawakuwapenda ninyi, kwa hiyo hakuna mwenye deni. Sasa nasema mbele yenu. Ukanda ule ni wa tonton Juvénal. Wote, na miti yake ya mpaka. Mama yangu alisema uongo."

Huguette, Mkongo wa chumba cha pili, aliyenunua lengalenga za Gloriose miaka yote na kuzilalamikia kila mara, alisimama mkono kiunoni.

"Weye Inès! Mama yako hajafika hata udongoni unamuuza? Na kwa nani? Kwa ule?"

"Kaa chini, mama," alisema Juvénal. "Haya ni mambo ya wenye shamba." Kisha akamgeukia Inès. "Rudia ile ya wote."

"Wote," alisema Inès. "Chukua wote, tonton. Hakuna atakayekuja kukudai hata punje."

Juvénal alisaini juu ya mgongo wa Biblia ya mchungaji. Kina mama waliondoka bila kumuaga Inès, na mmoja wao alichukua sufuria yake ya wali ikiwa bado imejaa.

Kesho yake Gloriose aliteremshwa juu ya mumewe. Waliokuja walikuwa wachache. Inès aliangalia kamba mpaka zikalegea, akapumua.

Agosti mlango wa saluni ulifunguliwa kwa teke. Inès alikuwa akimsuka Huguette, ambaye alikuwa amerudi kusukwa ila hakuwa amerudi kumsalimia.

"Nimetuma mutu apande!" Juvénal alipiga kelele. "Nimemlipia mpaka mbegu! Ananiambia shamba haiko! Iko shimo! Tangu 2011! Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulinidanganya kwa kilio!"

"Nilisema ni yako, tonton. Ni yako. Huko iliko, ni yako."

Huguette alianza kutikisika. Inès alimshika kichwa asiharibu mistari.

"Nitamfukua!" alisema Juvénal. "Mama yako nitamtoa pale!"

"Ili umtoe baba, itabidi uanze na mama. Na ukimtoa mama, utampeleka wapi? Kwa shamba lako?"

Juvénal aliondoka akiapa kwa majina ya watu ambao hakuwa amewapenda walipokuwa hai. Huguette alicheka mpaka akaomba maji, kisha akakumbuka kwamba hasemi na Inès, akanyamaza.

Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, Inès alienda makaburini na debe la mpaka kwenye mfuko wa plastiki, bado hajaamua la kulifanya. Majani yalikuwa yamelifunika kaburi. Juvénal alikuwa amemtangulia, na jembe jipya, lebo ya dukani bado imening'inia kwenye mpini. Hakumwitikia salamu.

"Nalimia kaka yangu tu," alisema. "Ya mama yako utalima mwenyewe."

Aliinua jembe upande wa kushoto, akasita. Akahamia kulia. Akalizunguka kaburi lote, akainama kuangalia, akasimama tena, jembe begani, jasho linamtoka na hajakata hata jani.

Inès aliketi kwenye ukingo wa kaburi la jirani, akaweka debe miguuni.

"Upande wa baba uko chini, tonton," alisema. "Chimba."

Juvénal hakuteremsha jembe.