Barua Iliyokwenda kwa Mbunge Mwingine

Niliondoka Louisville kwa sababu ya barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Bahati, mama wa Kikongo niliyesali naye kanisa moja kabla hajahamia Buffalo, jimbo la New York, alikuwa akihangaika kuwaleta mama yake mgonjwa na mdogo wake wa kiume kutoka kambini Kigoma. Faili lilikuwa limekwama. Akaniomba nimwandikie mbunge wake, kwa kuwa niliwahi kufundisha uraia Dodoma na Kiingereza changu kinasifiwa kupita kiasi. Nikaandika kwa mbwembwe. Baada ya miezi minne nikajibiwa: mheshimiwa ni mbunge wa bunge la jimbo, anatunga sheria za New York tu; mambo ya uhamiaji ni ya Bunge la taifa, Washington. Kosa kama hilo huliombei radhi kwa simu. Nilichapa fomu ya mbunge wa Washington, yenye majina ya mama na mdogo wake, Bahati aitie sahihi, nikapanda basi.

Alasiri nilishuka Columbus. Amisi, binamu yake Bahati, alinipokea akiwa bado na fulana ya kazi ya ghalani. Njiani kwenda kwake Linden tulipita mbele ya bunge la Ohio, nami nikatoa somo nililochelewa kulisoma: kila jimbo lina bunge lake, kisha hupeleka Washington maseneta wawili, liwe kubwa au dogo, na wawakilishi kwa kadiri ya wingi wa watu wake. Mimi nilidhani mbunge ni mbunge. Amisi, mbishi wa kuzaliwa, hakubisha neno. Asubuhi kituoni alinishika mkono muda mrefu.

Jioni nilifika Buffalo. Huko West Side theluji ilikuwa imechafuka kando ya nyumba za mbao. Bahati alikuwa ndiyo kwanza ametoka kiwandani Tonawanda. Nilianza kueleza fomu kabla sijavua koti.

"Mwalimu, kula kwanza," alisema.

Nikala ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani pande zote, nami sikuuliza. Alipoondoa sahani ndipo akakaa.

"Bon. Mama alishakufa. Leo ni siku ya tatu. Nilikatazaka Amisi akuambie. Mutu akiwa mu njia, habamuambiake habari ya kufa."

Kazini walikuwa wamempa siku moja tu ya msiba. Nililia kabla yake, nikamwambia kosa ni langu.

"Kwetu kuko mubunge, député ya province, na député national," alisema taratibu. "Nilijuaka ni wawili. Lakini weye ni mwalimu. Nikawaza huku ni ingine."

Akaivuta fomu, akakata jina la mama yake kwa mstari mmoja, la mdogo wake akaliacha, akatia sahihi.

Kesho yake niliipeleka mwenyewe ofisini kwa mwakilishi wao wa Washington, palepale Buffalo, dakika ishirini kwa basi. Kisha nikarudi Louisville. Sasa nawajua wangu wote: maseneta wawili na mwakilishi mmoja Washington, seneta mmoja na mwakilishi mmoja Frankfort, makao makuu ya jimbo letu. Yule mama wa kambini alikuwa na mwakilishi mmoja tu, naye nilikuwa mimi.