Mkanda wa Baba Sagesse

Tulimcheka sana Elisée. Mji huu wa Johannesburg hauna bahari, hauna ziwa, hata mto wa kujivunia hauna, na yeye alikuwa akijiita mzamiaji. Mimi nasuka nywele Doornfontein, ghorofa ya pili, katika chumba nilichopanga pamoja na mkewe Léocadie, mama wa binti yao Sagesse. Viti vyangu viko upande wa dirisha, cherehani zake ziko upande wa ukutani. Kila Elisée alipopita kutuamkia, nilimuuliza kama leo amezamia ndoo ya kufulia au karai la vyombo.

"Yaya Jeannine," alinijibu, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "siku moja utakula samaki yangu, na ile kinywa itanyamaza."

Alizaliwa Moba, pwani ya Kongo ya Ziwa Tanganyika, mahali penye miamba na maji ya kuonekana mpaka chini. Watoto wa huko walizama kwa jiwe. Mtoto anakumbatia jiwe zito, jiwe linamshusha, anachoma samaki wake kwa mkuki wa waya, na akitaka kurudi analiachia jiwe huko huko, anapanda mwepesi. Mawe ni mengi, hakuna aliyewahi kulilia jiwe. Elisée alitusimulia hayo mara nyingi mno, na mimi nilikuwa nikipiga miayo makusudi ili afupishe.

Vita vilimtoa Moba, na hapa alipata kazi ya ulinzi kwenye jengo la maofisi Marshalltown. Pale mezani, watu wakiingia na kutoka, alifanya mazoezi ya kubana pumzi. Siku moja mama mmoja wa ghorofa ya juu alimkuta amefumba macho, mashavu yamevimba, akapiga kelele kwamba mlinzi anakufa. Karibu wamfukuze kazi. Aliyemtetea ni kijana Mkenya wa benki ya humo humo, Kipkoech, ambaye alikuwa ameelewa kilichokuwa kikifanyika kwa sababu na yeye alikuwa na wazimu huo huo. Kipkoech alikuwa mtu wa milimani, amejifunza kuogelea ukubwani kwenye bwawa la manispaa, na sasa alikuwa kwenye kikundi cha watu wanaosafiri mpaka baharini kuchoma samaki wakubwa kwa pumzi moja tu, bila chupa ya hewa mgongoni. Basi mlevi akampata mlevi mwenzake.

Walikwenda mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa Rasi, kusini kabisa mwa nchi, gari likikesha njiani. Elisée aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alituambia kule chini kuna msitu. Mwani wa kule haulali ufukweni kama nyasi, unasimama kama migomba, mrefu kuliko nyumba, mashina yake yamejaa hewa na majani yanalala juu ya maji. Unapenya katikati yake, jua linaingia vipande vipande, na samaki wakubwa wanakaa humo kama wazee kwenye baraza. Alimleta mmoja kwenye sanduku la barafu, mwenye kichwa kinene na meno ya kuvunjia kome, akamkatakata na kugawa jengo zima. Kichwa alimpelekea mchungaji wetu. Mimi nilipewa kipande cha tumbo, nikala, nikanyamaza kama alivyotabiri. Sijawahi kuona mwanamume mwenye furaha kama ile katika mji huu, na nasema hivyo nikiwa nimeolewa mara mbili.

Lakini maji ya kule ni baridi ya kuua, kwa hiyo lazima uvae suti ya mpira, na mpira unaelea. Ili uzame unafunga kiunoni mkanda wenye vipande vya risasi, yale madini mazito yanayotiwa kwenye nyavu. Risasi ndiyo jiwe lao. Mkanda una kifungo cha kufyatua kwa mkono mmoja, ukipata shida unafyatua, risasi zinakwenda, wewe unapanda. Shida ni kwamba risasi si jiwe la Moba. Safari ya pili kifungo cha Elisée kilinasa kwenye shina la mwani, kikajifyatua chenyewe, na risasi zote zikapotea. Zilikuwa za kuazima, mali ya kikundi. Hakuna aliyemgombeza, ila yeye aliona haya mpaka akakataa kula njiani. Mlinzi mkimbizi kati ya watu wa benki, na ni yeye anayepoteza vitu vya watu.

Hapo ndipo alipomletea mkewe mkanda mpya.

Sasa lazima mumjue Léocadie. Alikuwa akishona sare za shule. Wazazi wa Doornfontein walikuwa wakisema mshono wa Mama Sagesse ukiuona umefumuka, ujue nguo yenyewe imeungua. Uzi uliofumuka ulimuuma kama tusi. Hakujua kuogelea, alikuwa ametoka Lubumbashi ambako maji ni ya bomba, na bahari alikuwa hajaiona.

"Mama Sagesse," Elisée alimwambia mbele yangu, "hii kitu shona isifunguke tena hata siku moja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nizeeke."

Léocadie akampima juu ya suti ile ya mpira, nikamcheka alivyosimama kama pweza aliyevaa viatu. Akaushona mkanda ukawa duara, mshono wa mraba wenye msalaba katikati, ule anaotia kwenye kamba za mikoba ya shule, akaurudia juu yake tena. Elisée angeuvaa kwa miguu kama sketi kabla ya kuvaa mapezi yake ya kuogelea miguuni. Kifungo hakukitoa. Alikiacha pale pale juu ya mshono, kwa sababu alisema bila kifungo mkanda ungeonekana uchi. Alifanya kazi nzuri. Tuliuvuta sote watatu, ukatushinda, tukapiga makofi.

Sheria yao wazamiaji ni moja: mmoja chini, mmoja juu. Mwaka 2017, wiki ya Pasaka, aliyekuwa juu ni Kipkoech. Alimwona Elisée akipanda kutoka kwenye mwani na samaki mkubwa kwenye mshale, halafu akamwona ameacha kupiga miguu. Inawatokea, pumzi inaisha karibu kabisa na juu na mtu anazimia bila maumivu. Akaanza kurudi chini. Kipkoech alimfuata, akamfikia, akafyatua kifungo.

Kifungo kilifyatuka. Mkanda ukabaki kiunoni.

Alivuta, akashindwa. Akajaribu kumpandisha na uzito wote ule, mwani ukawashika miguu, akashindwa. Alilazimika kupanda kuvuta pumzi, akarudi na kisu, akaukata mkanda kando ya mshono. Elisée alipofika juu alikuwa amekwisha kutuacha.

Haya yote Kipkoech aliniambia mimi, chumbani kwetu, siku alipoleta begi la marehemu. Léocadie alikuwa kanisani na kina mama. Nilimsikiliza, nikafungua begi, nikautoa ule mkanda na kuutia kwenye droo yangu, chini ya pakiti za nywele.

"Hutamwambia," nikasema.

"Mama Jeannine, mimi siwezi kukaa na hii kitu. Lazima ajue. Si ni mimi nilikuwa na yeye huko chini? Usiku silali."

"Basi usilale!" Nilimfokea, sikujali wateja. "Unataka kutua mzigo wako kichwani kwa mjane? Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi, eh? Wewe utalala, na yeye je? Yule mwanamke anakula kwa mikono yake. Ukimwambia mikono yake ndiyo iliyomuua mumewe, atashika sindano na nini?"

Alilia, mwanamume mzima wa tai na koti. Nilimhurumia, lakini sikumwachia. Niliapa moyoni kwamba Léocadie atakufa mzee bila kujua, na hata leo ningeuficha tena ule mkanda.

Tulimzika hapa hapa Johannesburg. Siku ya kuondoa matanga, Gaël, mdogo wake marehemu aliyetoka Durban, alitandika mkeka katikati ya chumba chetu cha kazi. Kwetu mtu akifa, vitu vyake vya mwilini vinawekwa hadharani na mjane ndiye anayevitaja kimoja kimoja, ndipo ndugu wagawane, ili asije mtu akasema kesho kuna kilichofichwa. Mila hiyo nimeikuta na nimeifuata misiba yote. Siku ile niliisahau kabisa, na mjinga gani anasahau mila ya kwao?

Léocadie alikaa chini, kitambaa cheusi kichwani. Alitaja mashati. Alitaja viatu vya kazi, saa, Biblia. Alitaja suti ya mpira, akaipapasa goti alilokuwa ameliwekea kiraka. Mapezi. Miwani ya maji. Kisha akaangalia mkeka kutoka upande mmoja mpaka mwingine.

"Mkanda iko wapi?"

Gaël akasema hajui. Kipkoech, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinama.

"Ulipotea baharini, dada yangu," nikasema.

Aliniangalia. "Hapana, yaya. Ile haiwezi kupotea. Niliishona miye."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomwambia mzazi anayelalamika kuhusu sketi, kwa hakika tupu ya fundi.  Gaël akaanza kusema jambo la vitu kufichwa, macho yake kwangu. Nikainuka, nikafungua droo.

Aliupokea kwa mikono miwili. Kwanza alitafuta mshono wake, akausugua kwa kidole gumba. Ulikuwa mzima, hakuna uzi hata mmoja uliotoka. Niliona kitu kama fahari kikipita usoni mwake, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba kwa nukta moja alifurahi. Kisha kidole kikateleza pembeni, kikafika mahali palipokatwa.

"Nani alikata hapa?"

"Ni mimi, mama," Kipkoech alisema.

"Kwa kisu?"

"Kwa kisu."

"Sababu gani haukufungua?"

Alinitazama mimi. Nilitikisa kichwa, namsihi. Hakujibu, na Mungu ambariki kwa hilo, lakini mtu asiyejibu amejibu. Léocadie alikishika kile kifungo, akakifyatua. Kikalia, kikaachia. Akautazama mshono chini yake, umeshikilia. Akakifunga, akakifyatua tena.

Sagesse, binti yao, aliuliza kwa Kiingereza mama ana nini. 

Nilidhani atapiga yowe, nikasogea kumshika. Hakulia. Aliinuka, akaenda kwenye cherehani yake, akachukua kile kisu kidogo cha kufumulia, akarudi kukaa mkekani na mkanda mapajani. Akaanza kufumua. Alianza na msalaba, kisha mraba, kisha mraba wa chini yake, anakata uzi, anauvuta kwa kucha, anauweka pembeni. Gaël alisema, "Shemeji, acha," na hakumsikia. Mchungaji alianzisha sala, ikafika mwisho, tukasema amina, na yeye bado. Chakula kilipoa. Wageni waliogopa kuondoka na waliogopa kubaki. Nilikaa karibu naye nikawa napokea nyuzi mkononi mwangu, kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Tulimngoja hivyo hivyo mpaka jua likaacha dirisha langu. Alikuwa ameshona vizuri.