Jailos Alivyompa Mkwe Mgongo Ziwani

Ukifika Matema, kule ziwani Kyela, ukauliza ni nani atakupeleka kisiwani, ukaogelea, ukatazama samaki, ukarudi kabla wali wa mchana haujapoa, utaoneshwa Jailos Mwaikenda. Huwezi kumkosa. Ni yule mrefu mwenye kaptura ya bluu, kifua wazi, anayeongea mpaka ndege wa majini wanahama.

Nikuambie kitu ambacho yeye mwenyewe hatakuambia. Huyu si mtu wa ziwa. Kazaliwa Chimala, kwenye mpunga, na mpaka anatimiza miaka ishirini maji marefu kuliko yote aliyowahi kuingia ni ya jaruba, yanayoishia kwenye ugoko. Alikuja Matema kumsaidia mjomba wake kubeba kokoa kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo sasa ni mwaka wa kumi na moja. Kuogelea kajifunza ukubwani, alfajiri, huku watoto wa darasa la pili wakimcheka mpaka wanakaa chini. Leo ndiye anawafundisha wageni kuvaa miwani ya kuzamia na kuuma ule mrija wa kupumulia, na anawafundisha kwa majivuno, utadhani kazaliwa na mapezi.

Jailos ana mchumba. Anaitwa Frida Kikoti, mwalimu wa shule ya msingi pale Chimala, kwao Kalenga kule Iringa. Wiki tano zilizopita barua ya posa ilikwenda kwao. Baba yake Frida alishafariki, na wajomba walijibu kwa kifupi: mama mtu akikubali, sisi tumekubali. Mama mtu akanyamaza. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kila Jailos akipiga simu Frida anamwambia, "Mama bado anafikiria." Jamani, mtu anafikiria wiki tano! Jailos alikonda, kaptura akaanza kuifunga kwa kamba.

Jumamosi moja wakaja wageni kumi, akina mama wa kikundi kimoja cha Iringa. Walishuka kwenye gari na masweta yao, saa tatu asubuhi, kwenye joto lile la Kyela ambalo hata mbuzi hutafuta kivuli. Jailos akasimama mbele yao kifua wazi, akashika karatasi ya majina, akaanza mbwembwe zake.

"Shikamooni mama zangu! Leo mtaogelea, mtaona kisiwa, mtaona samaki wa rangi zote. Bi Nusrat Idrisa?"

"Nipo, mwanangu!" Huyo ni muuza vitenge wa sokoni Iringa, mwili mkubwa, dera la maua, na mdomo usio na breki. "Mamba wapo?"

"Mamba hawapo, mama."

"Na kama wapo wanajua kwamba hawapo?"

Wakacheka. Jailos naye akacheka, akashuka mstari wa pili. "Mama Apolonia Kikoti, wa Kalen..."

Hakumaliza. Mbele yake alikuwa amesimama mama mfupi, mnene kiasi, kanga kiunoni, sweta la kijani limefungwa vifungo vyote mpaka kidevuni, anamkazia macho bila kupepesa. "Kamwene," mama yule akasema, akisalimia kwa lugha ya kwao. "Kalenga ndiko."

Hapo lazima ujue jambo moja. Jailos alilelewa na bibi yake, na bibi huyo kwa mambo ya ukwe hakuwa na masihara. Mama wa mchumba wako, alimwambia, humtazami usoni. Humpi mkono. Humtaji jina. Na goti lako, Jailos, nakuambia goti lako, asilione mpaka wazee wamalize mambo yao. Sasa hebu mwangalie. Kamtazama usoni. Kamtaja jina, tena kwa sauti ya kunadi. Na magoti yote mawili yako nje, yanang'aa kwa mafuta ya nazi.

Alichofanya ni kugeuka na kukimbia. Aliruka ndani ya boti, akachomoa chini ya benchi koti la mvua la Ezron, dereva wa boti, koti la njano la plastiki linalofika vifundoni, akalivaa na kulifunga hadi kofia.

"Kuna nini?" Ezron akauliza. "Mvua iko wapi?"

"Mama Frida," Jailos akanong'ona. "Yule wa sweta la kijani. Usiniite Jailos, nakuomba, nitakufa."

Ezron alimtazama rafiki yake. Halafu uso wake ukachanua kwa furaha mbaya sana.

Safari ikaanza. Akina mama walivaa majaketi ya kuelea juu ya masweta, wakabanana kwenye mabenchi, na mtembezaji wao akakaa mbele kabisa, kawapa mgongo wote kumi, anaeleza mandhari kwa kuyaambia maji. "Upande wa kushoto kuna milima ya Livingstone. Upande wa kulia... kuna upande wa kulia."

"Kijana," ilikuwa sauti ya Mama Apolonia, "kwenu watu huzungumza na wageni kwa kisogo?"

"Naangalia mawe, mama. Yako mawe chini ya maji."

"Na hilo koti?"

"Upepo, mama."

Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Jasho lilikuwa likimtiririka Jailos ndani ya plastiki mpaka miguu ikawa inateleza kwenye malapa.

"Unaitwa nani?"

"Ezron," akasema Jailos, kwa sababu ndilo jina lililokuwa karibu.

"Na wewe dereva?"

"Ezron," akasema Ezron, kwa sababu ndilo jina lake.

"Loo!" Bi Nusrat akapiga makofi. "Boti moja, Ezron wawili. Huku majina yameadimika!"

Mama Apolonia hakucheka. Alivuta kanga yake, akauliza kwa upole wa kutisha, "Basi nyie akina Ezron, mnamfahamu mtu anaitwa Jailos Mwaikenda?"

Jailos alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Ezron akadaka nafasi ile kwa pupa. "Jailos? Tunamfahamu sana! Mtu wa kukoroma yule. Akilala hapa, wavuvi wa upande wa pili wanadhani ni injini."

"Hakoromi sana," Jailos akasema kwa haraka. "Anakoroma kiasi. Ni mchapakazi. Anakwenda kanisani. Hanywi."

"Hanywi?" akasema Ezron. "Siku ya harusi ya dada yangu..."

"Alikuwa mgonjwa siku ile!"

"Unamtetea sana," Mama Apolonia akasema. "Ni ndugu yako?"

"Tunafahamiana," Jailos akasema, na hapo tu hakuwa amedanganya.

Kituo cha kwanza kilikuwa penye maji ya utulivu, mchanga chini unaonekana. Akina mama waliingia majini na madera yao, yakavimba, wakaelea wakipiga mayowe, na Bi Nusrat akakataa kutoka akisema ameshapata pa kuhamia. Kituo cha pili kilikuwa kisiwa. Nisikudanganye, ni mawe matano na mti mmoja, na kwenye ule mti kuna kunguru ambaye ndiye mwenye kisiwa. Walikula maandazi na mayai ya kuchemsha. Jailos akaenda kusimama nyuma ya jiwe, koti na yote, maana hata kula mbele ya mkwe ni mwiko kwa bibi yake.

"Yule Ezron wa koti anaumwa?" Bi Nusrat akauliza. "Au ndivyo mila za huku?"

"Mila kila mtu anazo," Mama Apolonia akajibu, na akapaza sauti kidogo, kana kwamba lile jiwe lilikuwa gumu la kusikia. "Hata kwetu, mkwe na mkwe hawatazamani. Kijana akishakubaliwa, mama mtu akimwona njiani anajifunika kanga na kumpa mgongo. Ila mpaka amkubali. Asiyekubaliwa ni mtu baki, unamtazama unavyotaka."

Nyuma ya jiwe Jailos alilisikia kila neno. Mama huyu alikuwa akimtazama tangu asubuhi bila kupumzika.

Kituo cha tatu ndicho cha samaki. Pale mawe yanashuka wima chini ya maji, na samaki wadogo wa bluu na wa manjano wanazunguka hapo makundi kwa makundi. Wenzake tisa walichungulia wakitosheka kushika ngazi ya boti. Mama Apolonia, ambaye maisha yake yote hajawahi kuingiza uso kwenye maji zaidi ya ya beseni, akavaa miwani, akauma mrija, akautema, akasema, "Mimi nataka kwenda pale kwenye jiwe. Huyu wa koti anishike mkono."

Kumshika mkono! Jailos akatazama mbingu. Mbingu ikakaa kimya. Mwishowe akachukua kasia, akashika ncha moja, akamnyooshea mama ile nyingine huku ameangalia pembeni. Ndivyo walivyokwenda: mama anaelea kifudifudi na jaketi lake, mkwe mtarajiwa anatembea kwenye mwamba kando yake, maji kiunoni, koti la njano linamfuata juu ya maji, na kati yao kasia la futi sita.

Mama aliona samaki. Ilijulikana kwa sababu mrija ulitoa mlio wa honi ya lori. Akaona wa pili. Akaona kundi zima, na kwa furaha akaliachia kasia na kuanza kuwafuata samaki, teke mbele teke nyuma, akielekea kule ambako mwamba unaisha na maji yanakuwa meusi.

"Mama!" Jailos akaita. Jina hawezi kulitaja. "Mama! Mama!"

Akina mama tisa waliobaki wakageuza shingo kwa pamoja. "Abee!"

"Siyo nyie!"

Basi akasahau kila kitu akajitupa. Na hapo ndipo mtu aliyewafundisha wageni wangapi sijui kuvaa jaketi la kuelea alipokumbuka kwamba mwenyewe hana jaketi, ana koti. Lile koti likajaa maji mikononi, likajaa mgongoni, kofia ikamfunika uso, na Jailos akaanza kwenda chini polepole, mzimamzima, kama gunia la mpunga lililoangukia mfereji.

Aliyemwona ni Mama Apolonia. Aliinua uso kutafuta samaki wake, akaona kitu cha njano kinazama, akatema mrija. "Weee! Usife hapa!" Akapiga maji kwa mikono na miguu, hovyohovyo, lakini jaketi likambeba mpaka akafika, akakamata ile kofia ya koti na kuivuta juu kwa nguvu za mtu aliyekwishazalisha ng'ombe. "Tulia! Tulia, mwanangu, nimekushika. Usinipige mateke!" Ezron akarusha kamba, na kikundi kizima cha Iringa kikawavuta wote wawili, kikihesabu moja, mbili, tatu.

Ndani ya boti vifungo vya koti vilikuwa vimekatika vyote. Jailos alilala sakafuni akikohoa ziwa, kifua wazi, kaptura ya bluu, magoti nje. Alipopata pumzi kitu cha kwanza alichofanya ni kuyafunika magoti kwa viganja.

Mama Apolonia akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Jailos Mwaikenda, toa mikono! Hayo magoti nimeyaona tangu saa tatu asubuhi. Frida ana picha zako thelathini kwenye simu, unadhani mimi sikupekua? Kilichonileta huku ni wewe. Samaki nimewakuta tu."

Boti nzima ikalipuka. Bi Nusrat akajipiga paja. "Kumbe! Kumbe ndiyo maana umetuburuta mpaka Kyela!"

Jailos aliona aibu ambayo sina namna ya kuieleza. Njia yote ya kurudi alikaa amejikunyata, hana neno hata moja la kuwaambia wageni, na hiyo nakuhakikishia haijawahi kutokea tangu aje Matema. Alijua mambo yameharibika. Kadanganya jina, kabishana habari za ulevi, kaokolewa na mwanamke aliyepaswa kumwokoa. Kwa macho ya nani huyo ni mume wa kumpa binti yako? Na Mama Apolonia, mbele yake kabisa, alikuwa bado anamtazama. Aliangalia uso, akaangalia mikono, akashuka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Walipofika ufukweni akina mama wakashuka mmoja mmoja wakikamua madera. Jailos akajikaza, akamfuata.

"Mama," akasema, macho mchangani. "Nisamehe. Ila naomba tu nijue. Ile barua..."

Mama Apolonia akasimama. "Inua uso."

Akainua, akijua anavunja kila alichofundishwa. Mama akamtazama kwa muda mrefu, bila kicheko safari hii, macho yake yamelowa kidogo, labda kwa maji ya ziwa.

"Niliambiwa vijana wa huku hawana haya," akasema. "Nikasema nije nijionee mwenyewe. Sasa nimekutazama vya kutosha."

Akafungua kanga yake kiunoni, akaitupa kichwani mpaka ikafunika uso wote, akageuka. Akaondoka zake kuelekea kwenye gari, anapapasa njia kwa miguu, na Bi Nusrat akimwongoza kwa mkono asigonge mitumbwi.

Ezron akaja polepole, akamwekea Jailos mkono begani. "Pole ndugu yangu. Hata kukutazama hataki tena."

"Kanipa mgongo," Jailos akasema.

"Nimeona. Pole sana."

"Kanipa mgongo, Ezron!" Akamkumbatia, akamwinua juu, akamzungusha. "Mama mkwe kanipa mgongo!" Akamwangusha mchangani, akatimua mbio kwenda kule juu kwenye mtandao, akampigie Frida.