Siku Nilipotafsiri Neno Baba

Kwa Kikisii, baba ni mama. Sifanyi mzaha, ndivyo tunavyosema nyumbani. Aliyekuzaa unamwita baba, na mumewe unamwita tata. Mtoto wa kwetu akifika shuleni na kukutana na Kiswahili, huchapwa kwanza ndipo awajue wazazi wake upya. Mimi nilichapwa, nikazoea, nikakua nikawa mwalimu, na neno hilohilo likanifuata hadi barazani, mbele ya Bwana D.O., afisa wa tarafa.

Ilikuwa miaka ya sitini. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, na kaskazini kulikuwa na vita. Kaka yangu, mtoto wa pekee wa kiume kwa mama, alikuwa mwanajeshi huko. Aliporudi likizo alikaa jikoni akitazama moto, akasema watu wa kule wanalilia visima, na yeye alikuwa amepewa kila kitu isipokuwa jembe la kuchimbia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyeamua hivyo. Kaka akajibu kwamba ni wakubwa, na mkubwa wao wote ni Rais. Mama hakusema kitu. Mimi namjua mama: akinyamaza hivyo, ameweka akiba.

Kaka alirudi vitani, akamwacha mkewe na mimba. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilipofika wakati wake, tulimbeba wifi kwa machela kutoka kwetu, upande wa Itumbe, tukielekea hospitali ya Kisii mjini. Tulipoanza kuona kilima cha Nyanchwa, kilicho karibu na mji, mtoto alikuwa ameshazaliwa na ameshakufa. Wifi aliomba tumgeuze turudi nyumbani, maana mjini hakuwa na haja tena.

Tangu siku hiyo wanawake wa kijiji walikata shauri kujenga zahanati. Waliomba serikali msaada, wakajibiwa kwamba fedha zimekwenda vitani, wasubiri. Hawakusubiri. Walikuwa na egesangio, kile kikundi cha kulimiana shamba kwa zamu, basi wakaanza kulima mashamba ya wenye uwezo na kuchuma pareto ya watu, na malipo yote wakanunulia mabati. Kuta zilisimama. Mabati yakapangwa kando, yakingoja fundi amalize mbao za paa, na tumbo la wifi nalo likizidi kukua. Kila jioni mama alipita pale akayapiga kofi, kama mtu anayemkagua ng'ombe wake.

Ndipo ikaitwa baraza. D.O. alikuwa mtu wa mbali, hajui Kikisii, na chifu akanichagua mimi niwe mkalimani kwa kuwa nilikuwa mwalimu. D.O. alitangaza kwamba Baba wa Taifa angepita eneo letu, hivyo lijengwe jukwaa zuri lenye paa, asichomwe na jua. Serikali, akasema, haina fungu la jukwaa kwa sasa kwa sababu ya vita, lakini ameona mabati pale zahanati. Yachukuliwe. Mengine yatapatikana baadaye.

Baadaye ipi? Mimba haijui baadaye. Nilitafsiri yote kama nilivyoyasikia, ila "Baba wa Taifa" nikaliacha lilivyo, maana ni cheo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea ulikaa upande gani.

Mama alisimama. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani ingawa haikuwa Sabato. Akaanza kusema kwa Kikisii, taratibu, akiningoja nitafsiri kila kipande.

"Anasema," nikaanza, "amesikia Rais ni mama wa nchi hii."

D.O. akakunja uso. "Mama? Nani amemwita Rais mama?"

"Wewe, Bwana D.O. Umesema baba. Kwetu baba ni mama," nikamjibu.

Wanawake waliangua kicheko. Chifu akaninong'oneza, jasho likimtoka, "Mwalimu, hiyo maneno wacha kabisa. Sema anashukuru serikali." Mama alijua vizuri sana kwamba Rais ni mwanamume, maana picha yake ilikuwa imetundikwa dukani. Lakini alikuwa amelidaka lile neno, na hakuwa na nia ya kuliachia. Nikatazama tumbo la wifi aliyeketi mbele kwenye nyasi, nikaamua kwamba siku ile sitapunguza hata neno moja.

"Anasema yeye pia ni mama, kwa hiyo anazungumza na mwenzake. Anasema nyumbani kwake mama hupakua, watoto wakala, yeye akakwangua ukoko. Hajawahi kuona mama anayekula kwanza. Anasema mama hampeleki mwanawe kupigana na jirani mwenye kiu kabla hajamuuliza jirani anataka nini. Mwanawe mmoja amekwisha kumtoa, na hakuulizwa. Sasa mama wa nchi anataka na paa la mjukuu, akae chini yake mchana mmoja. Anasema uamuzi wa kwanza ulikuwa mbaya, na huu wa pili ni mbaya, na wewe umpelekee maneno hayo kama alivyoyasema."

D.O. aliniuliza mimi, si mama, kama ninajua ninachokisema. Nikamjibu kwamba mimi ni mkalimani, na pia ni binti yake. Akaamuru askari wakachukue mabati.

Mama hakuwangoja askari. Alitoka barazani, akafuata njia ya zahanati, akaketi juu ya mabati. Wenzake wa egesangio wakamfuata mmoja mmoja, wakaketi. Wifi naye akaenda, akisaidiwa kukaa. Askari walifika, wakasimama, wakatazamana. Walikuwa vijana, na kila mmoja wao alizaliwa na mtu. Chifu akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba jukwaa linaweza kuezekwa nyasi, na nyasi yetu ni nzuri. Liliezekwa nyasi. Ziara yenyewe ikaahirishwa, na mbuzi wakalala pale jukwaani mpaka likaanguka.

Mimi nilihamishwa kwenda shule ya mbali, bila maelezo. Sikuyahitaji. Paa la zahanati lilipanda, na mtoto wa kaka, msichana, akazaliwa chini yake mvua ikipiga mabati kwa kishindo. Alikuwa bado ananyonya wakati wanajeshi wawili walipoleta begi la baba yake. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akawapa uji, akaenda nyuma ya nyumba akalia kwa sauti. Nililia naye nilipofika. Hasira yangu juu ya vita vile haijapoa mpaka leo, na siitafutii maji.

Miaka ya sabini nilirudishwa shule ya kwetu, nikapewa darasa la kwanza. Msichana yule alikuwa amekaa dawati la mbele. Somo la Kiswahili siku hiyo lilikuwa la maswali mepesi, na wakati ule mkaguzi kutoka wilayani alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwuliza kila mtoto swali lilelile, mpaka zamu yake ikafika.

"Baba yako yuko wapi?"

Akasimama wima, akajibu kwa sauti ambayo bibi yake angejivunia.

"Baba yangu yuko shambani, anachuma chai."

Mkaguzi, ambaye alijua kwamba kaka yangu alifia vitani, akakohoa, akasema, "Mwalimu, huyo amekosea. Msahihishe."

Nikamwambia yule mtoto aketi. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikamwekea alama ya vema daftarini.