Namna Forum Yangu Ilivyomuua Trésor wa Katuba

Chekeni kwanza, mumalize, halafu nitaeleza, maana nusu ya Lubumbashi imeisha kucheka na mimi bado naona haya nikisikia mtu anaita jina langu kwa nguvu barabarani.

Mimi Bijou ni mtu wa nyumbani. Mama yangu anasemaka hata ufagio unatoka nje kuliko mimi, na hasemi uongo. Nikiwa na courant ya umeme, telefone na kikombe cha chai, mnaweza kufunga mlango kwa nje nisijue. Ndiyo maana rafiki zangu wote walikuwa ndani ya telefone: kikundi cha wachezaji wa mpira wa kwenye mtandao, wengine wa hapa, wengine wa Likasi na Kolwezi, tunapigana kila juma bila kuonana uso. Ugomvi wetu ulikuwa unafanyika kwenye groupe moja ambamo matokeo yalipotea chini ya picha za watoto wachanga na maombi ya asubuhi, basi siku moja nikafungua mdomo (nani alinituma?) nikasema mi nitajenga site yetu, na forum ndani yake, kila ugomvi na chumba chake. Diplome yangu ni ya pedagogie. Mambo ya kompyuta nilijifunza kwa kuangalia video. Lakini wakakubali, nikaijenga, tukaiita Bana Manette, nikachora mwenyewe ile manette ya kuchezea juu ya ukurasa, ikainama kushoto kama mlevi, na acha nijisifu kidogo kabla sijaanguka: ilikuwa nzuri.

Shida ni kwamba watu waliingia, wakatukanana, halafu wakapotea. Ile programu ya bure niliyotumia ilikuwa na uwezo wa kuwachokoza: mtu akikaa muda mrefu bila kuingia, photo yake inageuka yenyewe kuwa ya rangi ya majivu, na unaweza kuweka kapicha kadogo pembeni. Nikatafuta kapicha. Ya saa ilikuwa mbaya, ya mwezi ilikataa kufunguka, ya mshumaa ilikuwa nyepesi na haikula mega za internet. Nikaweka mshumaa. (Ndiyo, mmesoma vizuri. Photo ya majivu na mshumaa pembeni. Mimi, mtoto wa mji huu, niliyepokea photo za namna hiyo za wajomba wa kila mtu, na kila mara naandika "pole sana" kabla ya kuuliza ni nani alikufa.) Nikaona ni maridadi, nikasahau.

Sasa Trésor. Trésor wa Katuba ndiye alikuwa wa kwanza kwenye classement, orodha yetu ya ushindi, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko miguu. Sikuwahi kumwona kwa macho lakini tulitukanana kila siku, na kwangu huo ni urafiki. Akaenda kwa mjomba wake upande wa Mitwaba kwa ajili ya mahindi, kule ambako network inakuja kama mgeni, na hakutuaga.

Jumamosi asubuhi ananipigia Kazadi, mchezaji wetu wa Likasi.

"Bijou, Trésor alikufa."

"Trésor gani?"

"Trésor yetu! Bantu yote beko nalia, weye uko wapi?"

"Alikufa na nini?"

"Hata mi sijue. Banasema ni camion ilimugonga."

Nilitaka kufungua forum nione wengine wanasema nini, mega zimeisha. Basi nikafanya jambo ambalo sifanyi: nikavaa viatu, nikaenda mtaa wa Katuba, nikafuata sauti za kilio mpaka kwao Trésor.

Matawi ya michikichi, alama ya kilio, yalikuwa yamesimamishwa mlangoni, viti vya sebuleni viko nje chini ya bâche ya turubai, ndani wamama wamekaa chini kwenye mikeka, na katikati yao Mama Trésor, kitambaa kimeanguka, sauti imekwisha. Nikalia. Mimi sijui kulia kwa kiasi, nililia mpaka waimbaji wa kilio wakanyamaza wanisikilize. Mama mmoja mnene, Tantine Odette, dada wa Mama Trésor, akanisogelea.

"Weye mutoto, uko nani yake?"

"Tulikuwa pamoja kila siku, tantine. Hata usiku."

"Hata usiku! Ba mama, mulisikia? Trésor alikuwa na bibi!"

Nilitaka kusahihisha, mimi si mke wa mtu, lakini kati ya makamasi na uchungu sikujua nianzie wapi, na kabla sijaanza nilikuwa nimekwisha kukalishwa kwenye mkeka wa familia, nimefungwa kitambaa kichwani, na mama mmoja ananipapasa tumbo. Mama Trésor akanishika mkono.

"Mwanangu, aliniachia kitu?"

Aliangalia tumbo langu kwa macho ambayo mpaka leo yananiamsha. Pembeni yetu watu walikuwa wanabishana: camion, hapana, homa, hapana, nyoka. Nikauliza polepole, "Lakini nani alileta habari?" Hakuna aliyejua. Telefone moja ikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu. Trésor, rangi ya majivu, mshumaa pembeni. Nikalia tena. Halafu nikaona juu yake manette, imeinama kushoto.

Bado sikuelewa (kichwa changu kikichanganyikiwa hakipigi kelele, kinasimama tu kama gari bila mafuta). Nikawaza: ni mjinga gani aliweka mshumaa kwenye forum yangu? Nitamtafuta, nitamfukuza. Nikamtafuta, nikamkuta amekaa kwenye mkeka na kitambaa cha ujane.

"Mama," nikasema, "hakufa. Hakuingia tu."

"Hakuingia wapi?"

"Ku forum."

Nikaeleza yote, programu, majivu, mshumaa mwepesi, mpaka hata nje wakaacha kupanga sahani. Tantine Odette akasema, "Basi eko muzima?" Na hapo ndipo nilichanganyikiwa kabisa, maana mshumaa haukuonyesha kwamba amekufa, lakini hakuna kitu kilionyesha kwamba hajafa. Ingewezekana forum ilibahatisha.

"Mutoto yangu iko muzima ao hapana?" aliuliza Mama Trésor.

"Tumuulize yeye mwenyewe," nikasema.

Tukaenda kwa miguu mpaka ku phonie, ile radio ambayo wafanyabiashara wanaitumia kusema na vijiji ambako telefone hazishiki na kila anayemaliza kusema anampa mwenzake zamu kwa "À toi", kilio kizima nyuma yetu pamoja na waimbaji, ambao hawakujua waimbe nini. Mitwaba wakajibu: ngojeni, tunatuma pikipiki. Tukangoja. Mama Trésor alinishika kifundo cha mkono, kama mtu anavyoshika kuku asikimbie. Mwishoni sauti ikakwaruza.

"Mama? Ni mi Trésor. Kuko nini? À toi."

Mama Trésor akaanguka chini akalia upya, na wamama wote pamoja naye. Tantine Odette akanisukumia micro ya kusemea.

"Trésor, ni Bijou wa forum," nikasema. "Ni mimi nilikuua. Samahani. À toi."

"Bijou? Bijou iko mwanamuke? Na mi niko wa ngapi ku classement? À toi."

"Wa nne. À toi."

"Wa nne! Ni pale muliniua!"

Tantine Odette akaninyang'anya micro. "Trésor, bibi yako tulishamupokea! À toi."

"Bibi gani? À toi."

Na kabla mtu hajajibu, sauti nyingine, nzito, ya phonie ya kijiji kingine, ikaingia katikati: "Hapa Lukafu. Tunasikia yote. Pole kwa kilio, na hongera kwa ndoa. À toi."

Bukari, ule ugali wa kilio, ilikuwa imekwisha kupikwa, tukaila. Hawakunipiga. Mama Trésor aliniachilia mkono baada ya mimi kumfungulia naye compte ya kuingilia kwenye forum, na tangu siku ile anaingia kabla ya wachezaji wote, anaandika chini ya matokeo: "Trésor, uko?" na hachezi mtu kabla Trésor hajajibu. Mshumaa niliutoa, na nimeapa site yangu haitatangaza tena habari ya mtu ambaye mi mwenyewe sijamwona anakula.

Juzi Trésor, aliyekwisha kurudi Katuba, alichelewa kujibu. Mama yake alikuwa sokoni. Hakumwandikia Trésor, aliniandikia mimi: "Bijou, simama uende kumuangalia."

Nikasimama.