Nilipulizia Majani Tu

Ilianza jana Alhamisi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Nina uhakika na saa kwa sababu simu ya mama ilikuwa juu ya ukuta wa zizi ikinipimia dakika tatu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya mdahalo mbele ya ng'ombe, maana mbele ya watu naona aibu mno. Mada: dawa za kuua magugu zikitumika vitani ni silaha za kemikali. Mimi nimepangwa upande wa kupinga, msemaji wa tatu, na sijawahi kusimama kwenye mdahalo tangu nianze sekondari.

Mwalimu wa Historia alitueleza jinsi ndege zilivyomwaga dawa kwenye misitu na mashamba ya Vietnam, na kwamba hadi leo watu wa sheria wanabishana waiite nini. Hoja niliyoikariri ni hii: dawa ya magugu imetengenezwa kuua mmea, haimlengi mtu, kwa hiyo haiwezi kuitwa silaha.

Kumbe babu alikuwa upande wa pili wa ukuta, anakamua. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikidhani ameipenda. Babu ni mzee wa kanisa hapa Getanuwas, akiongea hata kuku hawashtuki. Alisogeza ndoo ya maziwa, akakaa kwenye jiwe, akaanza. Nayaandika yale niliyoweza kuyashika.

“Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nikiwa na miaka ishirini. Nilikuwa kibarua wa kupulizia dawa kwenye shamba kubwa la ngano, kule karibu na Basotu. Wenzangu waliniita Daktari wa Magugu, nami nikafurahi, mjinga mimi. Mwaka ule ng'ombe wa jirani yetu mzee Gwandu, mfugaji wa Kibarabaig, waliingia kwenye mahindi yetu mara mbili. Vijana wakataka twende na fimbo. Nikawaambia fimbo ni ushamba, mimi nina njia isiyomwaga damu. Nikachukua dawa kazini bila kuomba, nikajaza bomba la mgongoni, na kulipopambazuka nikapulizia majani yote kuanzia korongoni mpaka karibu na boma lake. Sikumgusa mtu. Nikarudi nyumbani nikanywa uji.

“Sasa sikiliza. Ng'ombe wake wengi walikuwa mbali. Yale majani ya karibu na boma aliyatunza kwa ajili ya wachache wanaokamuliwa, maziwa ya watoto. Nilijua. Kila mtu huku anajua. Baada ya siku chache pakawa pa njano kama pameungua, na hao ng'ombe nao ikabidi wahamishwe. Gwandu alikuwa na binti mdogo, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Sumu haikumfikia yule mtoto. Njaa ilimfikia. Alizikwa kabla ya mvua.”

Nilisubiri aseme anatania, maana babu hutania sana. Alikuwa anatazama ndoo.

Akasema baba yake alipojua hakumpiga. Alimwambia tu kwamba angeenda na fimbo, angalau wangemwona anakuja. Kisha akamtuma akaombe msamaha. Huku kwetu anayekwenda kuomba msamaha hushika majani mabichi mkononi, basi babu akakata konzi moja akaenda. Gwandu akayatazama, akauliza ameyakata wapi. Babu akajibu, shambani kwetu.

“Akaniambia, ‘Kaniletee ya pale ulipopulizia.’”

Hapakuwa na hata jani moja. Babu alikwenda kuangalia kila Jumapili baada ya ibada. Masika ya kwanza yakapita, ya pili ndipo pakaanza kuota. Akayapeleka. Gwandu aliyapokea, akamlisha ndama, akamwambia aende. Mpaka anafariki hakusema kama amesamehe, na babu hakuthubutu kuuliza.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, kwa hiyo ni silaha ya kemikali au siyo.

“Sheria siijui. Ninachojua, nilikwenda vitani na bomba mgongoni, na nikashinda. Wewe mtu akikuambia dawa hii inaua majani tu, muulize majani hayo yanamlisha nani. Muulize kabla hajapulizia, kwa sababu mimi hakuna aliyeniuliza. Na usisimame mbele ya watu ukasema jambo ambalo moyoni umelikataa, eti upate kushinda. Mungu akupe sauti, mjukuu wangu, na akulinde na akili za yule kijana niliyekuwa mimi.”

Akachukua ndoo akaingia ndani.

Leo asubuhi kabla ya kengele nilimfuata mwalimu, nikamwamkia shikamoo, nikaomba nihamie upande wa kutetea. Akasema majina yameshabandikwa. Basi zamu yangu ilipofika nikasimama palepale upande wa kupinga, nikasema hoja yangu nimeikariri vizuri ila siiamini. Nikaeleza habari za kijana mmoja wa huku, bila jina, na majani, na yule mtoto. Sauti ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho. Nilipokaa, Paskalina, kiongozi wa upande wetu, akaninong'oneza, “Wewe umeuza mechi.”

Nikamwambia ndiyo.